Chupa ya Jumanne

Ukimtaja kwa jina la kwenye kitambulisho chake, mtaani hakuna atakayekuelewa. Sema Bwana Chupa, utaonyeshwa mlango hata na mtu anayepita njia. Miaka ishirini na sita alizunguka na sanduku la barafu begani, ndani yake chupa za kioo zilizofungwa vifuniko kwa makini, akipima maji ya bomba kwa niaba ya idara ya maji. Kuna kazi ambazo hazionekani mpaka ziharibike, na yake ilikuwa ya namna hiyo.

Na kazi alikuwa anaijua, tusimdhulumu. Akifika kwenye bomba, kwanza ananawa. Halafu anachoma mdomo wa bomba kwa pamba iliyochovywa spiriti. Watoto walikuwa wanamfuata kumwona mtu mzima anavyopika bomba, naye anawauliza wanalitaka la chumvi au la pilipili. Akishachoma, anaacha maji yatiririke dakika tatu, anajaza chupa bila kuigusa kwa ndani, anafunga, anaandika. Pembeni anachota maji kidogo kwenye kichupa, anatia unga wa kupimia na kutazama rangi. Maji yenye dawa ya kuua vijidudu yanakuwa pinki. Yasiyo na dawa yanabaki yalivyo. Chupa kubwa inapelekwa maabara, inatiwa unga mwingine, inalazwa kwenye joto siku nzima. Kesho yake ikiwa haina rangi, maji ni salama. Ikigeuka njano, kuna vijidudu. Ikiwa njano na ikawaka buluu chini ya taa maalumu, basi ni vijidudu vya chooni, na hapo hakuna mjadala.

Sasa, katika vituo vyake vya Jumanne, cha mwisho kilikuwa nyumbani kwa dada yake. Hakukichagua yeye. Ramani ya idara ilitaka bomba la mwisho kabisa kwenye laini, na la mwisho kabisa lilikuwa pale, nyumba ya vyumba vinne yenye ua wa saruji, bomba la uani limefungwa kwenye nguzo kwa kipande cha mpira. Mama yao alipofariki, dada mtu ndiye aliyemlea. Alimsomesha kwa cherehani, na mguu uliokanyaga cherehani ile miaka yote ndio uliokuja kumgomea goti uzeeni. Kila Jumanne saa sita na nusu chai ilikuwa mezani, kiti kimefutwa vumbi, na yeyote aliyekuwepo uani aliambiwa asogee, mpimaji anaingia. Hakuwa anasema mdogo wangu. Alisema mpimaji, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

Chumba cha nyuma alikaa mpangaji wake, mama mmoja muuza matunda. Asubuhi alikuwa anaosha mapapai, matikiti na mananasi pale uani, anayamenya, anayakata vipande na kuyapanga kwenye kikabati cha vioo juu ya mkokoteni, kisha anakwenda kusimama kwenye kona ya mtaa. Jioni alimrudishia mama mwenye nyumba sahani ya papai. Wawili hao walikuwa wanagombana kuhusu kamba ya kuanikia nguo kila siku iliyotoka kwa Mungu, na siku mmoja akisafiri mwingine anakosa raha.

Taabu ilianza mgao ulipoingia. Mtaa ule ukapewa maji Alhamisi na Jumapili tu. Jumanne ukifungua bomba la uani linakoroma kama mtu aliyelala chali. Kanuni ya kazi ilikuwa wazi: bomba likiwa kavu, andika "hakuna maji", urudi siku ya maji. Bwana Chupa akaomba gari la Alhamisi. Akaambiwa gari la Alhamisi ni la watu wa mita. Akaomba tena, akaambiwa asubiri. Wiki tatu mfululizo aliandika "hakuna maji", mpaka mkuu wa maabara, mama mpole lakini asiyependa nafasi tupu kwenye fomu, akamuuliza kama kituo kile bado kipo duniani.

Wiki ya nne dada yake akamwambia, "Mbona unahangaika? La jikoni si lina maji siku zote."

La jikoni lilikuwa linashusha maji kutoka kwenye pipa la lita mia mbili lililokaa juu ya paa. Maji ya pipa si maji ya bomba. Hilo mpimaji anafundishwa asubuhi ya kwanza ya kazi, kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Bwana Chupa alisimama jikoni na pamba yake mkononi, njaa inamuuma, chai inapoa, na fomu ya mama wa maabara inamtazama. Akachoma bomba la jikoni, akajaza chupa. Moja tu, alijiambia, mpaka gari lipatikane. Lakini mazoea yana taabu. Moja ikawa mbili, mbili zikawa mwaka.

Chupa zile zilitoka safi kila wiki. Safi kiasi kwamba yeye mwenyewe alianza kuona ajabu, maana maji yanapoteza dawa njiani, na anayekaa mwisho wa laini ndiye anayepata dawa kidogo kuliko wote. Kwa dada yake ilikuwa kinyume. Mtaa wa kwanza kichupa kilikuwa pinki ya kubahatisha. Kwa dada yake kilikuwa pinki ya kuumiza macho. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Dada, kuna kitu mnatia kwenye pipa?"

Dada yake alicheka mpaka akashika goti. "Mgeni akija si unafagia ua? Jumatatu natia vidonge vya maji. Ulitaka mdogo wangu aje akute uchafu kwangu?"

Vidonge vile vilitoka kwa mhudumu wa afya, aliyepita kila wiki kugawa karatasi moja ya vidonge kumi kwa kila nyumba. Maelekezo yalikuwa kidonge kimoja kwa ndoo moja ya maji ya kunywa.

Hapo ndipo angesema. Angeweka kikombe chini na kumwambia, dada yangu, unanidanganya mimi, mimi naidanganya idara, na idara inaudanganya mtaa mzima. Ni maneno machache tu hayo. Badala yake alitikisa kichwa, akasema, "Dada na wewe," akacheka pamoja naye, akamega mkate. Kwenye fomu akaandika alichokiona kwenye kichupa. Baadaye, alipokuwa anatueleza mambo haya bila kuulizwa, alisema makosa yote aliyofanya kazini angeweza kuyabeba, ila kicheko kile kilimshinda.

Maana matokeo hayakuishia kwenye fomu. Kila mwisho wa mwezi yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: jina la mtaa, na mbele yake, salama. Mtaa wetu salama, mwezi huu salama, mwezi ule salama. Watu wakatembea kifua mbele kama kwamba wao ndio waliochimba mto. Gesi inapanda, mkaa unapanda, na ubao unasema salama, nani atachemsha? Dada mtu ndiye aliyetangulia kuacha. Sufuria yake kubwa ya kuchemshia maji aliitoboa chini akapanda maua, akaiweka mlangoni. Mpangaji wake alipouliza, alijibiwa, "Ndugu yangu keshapima. Nichemshe tena ili iweje, nimkosoe?"

Na hayo maji ya kunywa hakuyachota kwenye pipa. Ya pipa alisema yamekaa juani na yananuka dawa. Alikinga ya bomba la uani, Alhamisi na Jumapili, kwenye ndoo yake nyeupe yenye mfuniko, hapo hapo mpangaji wake alipokinga ya kuoshea matunda. Kwa hiyo maji aliyopimiwa hakuyanywa, na aliyoyanywa hayakupimwa.

Mvua zilipokuja, chemba ya maji machafu iliyoko kona ya mtaa ikafura. Mfuniko wake ulikuwa umevunjika siku nyingi, kila mtu ameshauruka na kila mtu ameshaulalamikia. Maji yale meusi yakalala juu ya njia ya bomba wiki mbili. Bomba lenye maji muda wote linasukuma nje, lakini bomba la mgao likikauka linavuta, kama mtoto aliyeachiwa mrija. Penye ufa linavuta chochote kilicho jirani. Bwana Chupa alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Jumanne ile alikiruka kidimbwi, akaingia kwa dada yake, akajaza chupa ya jikoni. Ikatoka safi.

Wa kwanza kuugua walikuwa watoto wawili wa nyumba ya jirani, halafu fundi viatu, halafu watu wakaacha kuhesabu. Homa, kichwa, tumbo. Zahanati ikasema ni homa ya matumbo. Mtaa ukakaa kikao cha kujitafutia mchawi, na mchawi akapatikana haraka, maana anasimama kwenye kona kila siku na kisu mkononi. Maji si yamepimwa? Ubao si unasema? Basi ni matunda ya yule mama. Mtu mmoja aliona nzi kwenye kikabati, mwingine akakumbuka aliwahi kumwona anafuta kisu kwa kanga. Maofisa wa afya wakaja, wakabeba mkokoteni na kikabati chake, wakamwachia karatasi.

Wiki ile ile dada mtu akaanguka. Alikuwa ameficha homa siku nane, anasema ni uchovu, anasema ni goti. Walipomfikisha hospitali tumbo lilikuwa limekaza. Akiwa kitandani, midomo imekauka, jambo la kwanza alilomwambia mdogo wake lilikuwa hili: "Papai lake nimelila kila jioni. Mwambie ahame. Nikirudi nisimkute."

Na Bwana Chupa alikwenda. Sijui mtu anakwendaje kwenye safari kama ile, miguu inakubalije. Alimkuta muuza matunda uani, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono haina cha kumenya. Akamwambia alivyoagizwa. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akainuka kwenda kukunja godoro lake, kisha akageuka mlangoni.

"Kaka, mimi matunda nilikuwa naoshea maji gani?"

Bwana Chupa akatazama bomba la uani. Kipande cha mpira kilikuwa kinatona tone moja moja.

"Mwenye nyumba ndivyo alivyosema," akajibu.

 Yule mama alifunga vyombo vyake kwenye shuka mbili, mpwa wake akaja kumsaidia kubeba, wakaondoka mchana watu wote wanatazama. Kuna waliopiga makofi. Mimi sikupiga, lakini pia sikusema neno, kwa hiyo sijioni bora.

Alhamisi iliyofuata Bwana Chupa hakusubiri gari la mtu. Alichukua chupa mbili, akatembea kwa miguu na sanduku lake, akafika maji yanapofunguliwa. Akachoma bomba la uani, akahesabu dakika tatu, akajaza. Akatia unga kwenye kichupa. Maji yakabaki yalivyo, hakuna hata dalili ya pinki. Alijua tayari, lakini mpimaji haandiki anachokijua, anaandika anachokiona, na hiyo ndiyo kanuni aliyoivunja mwaka mzima. Ijumaa mchana alifungua kabati la joto mwenyewe. Chupa zote mbili zilikuwa njano. Akazima taa ya chumba, akawasha ile nyingine, na zote mbili zikawaka buluu.

Alipeleka chupa kwa mkuu wa maabara. Yule mama akashika kichwa, akapiga simu, akaagiza laini ifungwe na mtaa utangaziwe kuchemsha. Kisha akauliza, kwa upole wake ule ule, "Na za Jumanne? Mbona miezi yote zilikuwa safi?"

"Zilikuwa hivyo," akasema Bwana Chupa. Alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu, lakini si hiyo iliyomziba mdomo. Ilikuwa aibu. Angesema amechota wapi, angeulizwa ni kwa nani, na jina la dada yake lingeandikwa kwenye ripoti huku mwenyewe yuko kitandani na mpira puani.

Jumamosi madaktari walimwambia utumbo wa dada yake umetoboka, wamemfungua na kumfunga, sasa ni kusubiri. Aliketi karibu na mto. Dada yake alifumbua macho, akamtambua, akajaribu kumwekea kola ya shati sawa kama alivyokuwa anamfanyia anapokwenda shule.

"Mdogo wangu. Maji yangu yalikuwa mazuri, si ndiyo?"

Angejibu nini? Walio tayari kumhukumu wajiweke kwenye kiti kile kwanza. Alikuwa na ukweli mkononi, na ukweli wenyewe ulikuwa unasema, umejiua kwa kunipenda, nami nimekusaidia.

"Yalikuwa mazuri, dada."

"Nilijua tu," akasema. "Ni yale mapapai." Akafumba macho ameridhika. Jumapili asubuhi, saa ambayo maji yalikuwa yanafunguliwa mtaani kwetu kabla laini haijafungwa, akafariki.

Baada ya maziko, mafundi wa idara ya maji walifika kuchimba. Walikuta ufa kwenye bomba, mwembamba, kidole cha mtoto kingepita, hatua tano kutoka kwenye ile chemba. Mtaa mzima ulikwenda kuuchungulia. Kila mtu alitazama ufa, na kila mtu kwa wakati wake akageuza macho kwenye kona ambapo mkokoteni ulikuwa unasimama.  Maji yakimwagika hayazoleki, tukarudi majumbani kuchemsha.

Bwana Chupa alikaa msibani siku saba. Siku ya nane alikwenda kwa mkuu wa maabara, akamweleza yote: gari, pipa, vidonge, chai. Yule mama alimsikiliza bila kuandika. Alipomaliza, alimwambia aandike yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na asiache hata Jumanne moja. Aliandika kurasa nne. Walimstaafisha mwezi huo huo, na chupa wakampa kijana mwingine pamoja na gari la Alhamisi, ambalo kumbe lilikuwepo. Nakala ya ile barua aliibandika mwenyewe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, pale pale palipokuwa panaandikwa salama. Wapo waliomtukana. Baba wa wale watoto wawili, ambao kwa rehema walipona, anampita bila salamu mpaka leo. Bwana Chupa alisema hana neno, ni haki ya baba yule.

Lakini lililokuwa halimpi usingizi ni yule mama muuza matunda. Alimtafuta wiki mbili, akiuliza sokoni, akiuliza kwa mpwa wake, mpaka akampata mtaa wa mbali, anafulia watu nguo. Alikuwa ameinamia beseni, povu mpaka kwenye viwiko. Alimtolea kigoda, akamletea maji ya kunywa, akamwambia yamechemshwa, asiogope. Kisha akarudi kwenye nguo zake.

Bwana Chupa alisema kila kitu. Alisema tangu siku ile alipomuuliza anaoshea maji gani, alikuwa na jibu na alilimeza. Alisema amekuja kuomba msamaha, na mkokoteni atamlipia, na chumba chake kipo wazi akitaka kurudi.

Yule mama alikamua shati la mtu, akalianika kwenye kamba.

"Kaka, mambo ya vidonge usinieleze mimi. Kwani ulidhani nani alikuwa anapanda ngazi Jumatatu? Goti lile?"

Bwana Chupa hakuwa amewahi kufikiri juu ya ngazi.

"Nilipanda mwaka mzima. Sikujua kuwa nafanya vibaya, nilidhani ndivyo mnavyotaka ofisini." Alichukua nguo nyingine, akaigeuza nje ndani. "Mvua zilipoanza nilimwambia, mama, maji ya uani siku hizi yana harufu. Tubakishe hata kimoja tutie kwenye ndoo ya kunywa. Alininyang'anya karatasi ya vidonge mkononi. Akasema, hivyo ni vya mgeni, vya mgeni haviguswi."

Akaanika ile nguo, akaishika kwa vibanio viwili. Bwana Chupa alikuwa bado na kikombe mkononi, hajakigusa. Karatasi moja kila wiki, vidonge kumi vyote ndani ya pipa, mwaka mzima, kwa ajili ya chupa yake. Na ile ndoo nyeupe ilikuwa inataka kimoja tu.